Riwaya Tunayowadai Vijana wa Kambini

Kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hakuwa na njia ya kuikwepa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotoka mwaka 2014. Kiswahili ni somo la lazima, na riwaya hiyo ilikuwa kitabu teule. Kwa hiyo iliwafikia pia wanafunzi wa sekondari za kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, ambako mtaala unaofuatwa ni huu huu wa Kenya. Msichana wa Kisomali aliyezaliwa Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, mvulana wa Kinuer aliyeingia Kakuma akiwa amebebwa mgongoni, Mkongo aliyefika na Kiswahili chake cha Uvira, wote waliketi wakajibu maswali kuhusu Ridhaa, tabibu aliyechomewa nyumba na jamaa zake wakiwa ndani, kisha akajikuta kambini katika nchi yake mwenyewe.

Jambo hili lilistahili kuzungumzwa zaidi kuliko lilivyozungumzwa. Watoto waliokimbia vita vya Somalia, Sudan Kusini, Kongo na Burundi walifundishwa, kwa Kiswahili, machungu ya Wakenya waliofukuzana wao kwa wao. Aliyekuja kwetu kutafuta amani alisomeshwa kwamba hata sisi huwa tunakimbizana.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa mashariki mwa Nairobi, mahali ambapo Msomali, Moromo, Mkongo na Mkamba hugawana dawati. Niliifundisha Chozi la Heri miaka yote ile, na mpaka leo huwa naitoa kabatini. Nimesoma pia riwaya kadhaa za Kiingereza za vijana kuhusu wakimbizi, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza kama kuna vitabu vinavyowahusu. Vipo. Lakini karibu vyote vimeandikwa kwa lugha ambayo vijana hao hawaitumii wanapokuwa peke yao. Kakuma, Msudani Kusini na Msomali wakigombania mpira hugombana kwa Kiswahili. Katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, Mkongo na Mrundi wakipendana hupendana kwa Kiswahili. Sisi wenye lugha hiyo, tukitaka kusoma habari zao, tunafungua kitabu kilichochapishwa New York au London. Deni hilo ni letu, na ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na kile tulicho nacho. Chozi la Heri inatokana na yale yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, pale watu zaidi ya 1,100 walipouawa na wengine zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Matei hakuitaja Kenya. Nchi yake inaitwa Wahafidhina, na hakuna kabila hata moja linalotajwa kwa jina. Wapo wanaoona kwamba ni woga. Mimi naona kwamba kimya hicho ndicho kilichowafungulia mlango wanafunzi wangu wa kigeni. Hakuna aliyeweza kusema haya ni ya Wakikuyu na Wakalenjin, hayanihusu.

Kuna kipande kimoja ambacho sijawahi kukipitia haraka. Ridhaa akiwa mtoto, familia yao inahamia mahali pageni. Anapokwenda shule kwa mara ya kwanza, wenzake wanakataa kucheza naye, na mmoja wao anamwita mfuata mvua. Tulipofika hapo na darasa moja la kidato cha tatu, nilikuwa nimekusudia kufundisha mbinu za lugha. Sikufundisha. Msichana ambaye wazazi wake walihama kutoka Bonde la Ufa alisema kwamba kule waliitwa madoadoa. Msomali akasema yeye tangu chekechea ni warya tu, jina la kejeli kwa Msomali, hata walimu walimwita hivyo. Halafu mvulana mmoja Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, ambaye kwa kawaida hakuwa akiinua mkono, akasema kwao Minembwe walimwita Mnyarwanda arudi kwao, na hapa Nairobi anaitwa Mkongo arudi kwao. Akaniuliza, “Sasa mwalimu, hiyo kwao ni wapi?” Kengele ikalia na hakuna aliyesimama.

Ninachokipenda zaidi katika riwaya ile ni Shule ya Tangamano. Umulkheri, msichana aliyeachwa na mama, akafiwa na baba, na ambaye ndugu zake wawili waliibwa na mtumishi wa nyumbani, anafika pale akidhani hakuna aliyeteseka kama yeye. Kisha anawasikia wenzake: Kairu, Mwanaheri, Chandachema, Zohali. Kila mmoja ana safari yake. Mwanaheri anasimulia jinsi mamake alivyobaguliwa na wakwe kwa kuwa alitoka jamii nyingine. Hapo Matei amegusa kiini cha fasihi ya aina hii: vijana waliong'olewa mahali mbalimbali wanakutana mahali pamoja, na kila mmoja analazimika kuupima msiba wake mbele ya wa mwenzake.

Lakini hapo hapo ndipo ninapotaka zaidi. Wasichana wale wote wanasema Kiswahili cha aina moja, kilichokamilika, chenye methali na tamathali, kama kwamba wote wamelelewa na bibi mmoja. Naelewa sababu. Kitabu teule kinatakiwa kiwape watahiniwa mbinu za kutaja. Hata hivyo, vijana watano waliotoka pembe tano hawawezi kuwa na ulimi mmoja. Nikiwasikiliza wa kwangu wakati wa mapumziko, nasikia sheng ya Eastleigh, nasikia Kiswahili cha Bukavu, nasikia Kiswahili cha mtoto aliyejifunzia Kakuma kutoka kwa mwalimu Mturkana na majirani Warundi. Wanaelewana vizuri sana, na katika kuelewana huko kuna ucheshi, ukali na huruma ambayo haijaingia kitabuni.

Vitabu vya Kiingereza vina mafanikio yake na vina upungufu wake. Kinachosomwa sana ni Refugee cha Alan Gratz, cha mwaka 2017. Kina watoto watatu: Josef, Myahudi wa Ujerumani ya Hitler, Isabel, anayeondoka Kuba kwa mashua mwaka 1994, na Mahmoud, anayetoka Aleppo mwaka 2015. Josef anapanda meli ya St. Louis, ambayo ilikuwepo kweli. Iliondoka Hamburg mwezi Mei 1939 ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Havana ikawakatalia kushuka isipokuwa wachache, Marekani ikawafungia mlango, na meli ikarudi Ulaya. Abiria 254 kati yao waliuawa baadaye na Wanazi. Gratz ameziunganisha hadithi hizo tatu kwa ustadi mkubwa, na wanafunzi wangu huimaliza upesi kuliko kitabu chochote ninachowapa. Ila watoto wale hawaketi pamoja hata mara moja. Wanakutana kwa mkono wa mwandishi, kupitia babu aliyekuwa polisi Havana na bibi kizee wa Berlin. Na hawapumziki. Kila sura ina risasi, papa au dhoruba.

Ukimbizi haukimbii hivyo. Sehemu kubwa ya ukimbizi ni kukaa.

Ndiyo maana naiweka juu zaidi When Stars Are Scattered, hadithi ya picha iliyotoka mwaka 2020, kazi ya Omar Mohamed mwenyewe na mchoraji Victoria Jamieson. Omar na mdogo wake Hassan walifika Dadaab wakiwa wadogo mno, baba ameuawa, mama hajulikani alipo. Hassan ana kifafa na anatamka neno moja tu, hooyo, ambalo kwa Kisomali ni mama. Walikaa Ifo, mojawapo ya kambi za huko, miaka kumi na mitano. Kambi zile za Dadaab zilianza mwaka 1991 kwa ajili ya watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipopita, zilikuwa zimebeba zaidi ya 400,000.

Kitabu hicho kinathubutu kutuonyesha siku ambazo hakuna kinachotokea. Foleni ya maji. Hassan ametoroka tena, amevuliwa nguo na watoto, atafutwe. Bi Fatuma, ambaye amepoteza wanawe, anawalea wawili hawa wasio damu yake. Omar hajaanza shule kwa sababu akiondoka, Hassan atabaki na nani? Swali hilo ndilo tamthilia yote, na limenishika kuliko meli na mashua za vitabu vingine. Wasichana wenye akili darasani wanajua kwamba ndoa inaweza kuwafikia kabla ya mtihani. Halafu kuna orodha ya majina ya wanaoitwa kuhojiwa na Umoja wa Mataifa. Watu wanakwenda kuisoma, hawajioni, wanarudi kupika. Wasomali wa Dadaab wana jina la hali hiyo ya mtu kuishi mwili ukiwa Ifo na moyo ukiwa Minnesota: huiita buufis. Kijana mwenye buufis anaweza kuacha masomo, kwa kuwa haoni sababu ya kujenga kitu mahali anaposubiri kuondoka. Omar anapambana nayo kurasa nyingi, na mwandishi hamharakishi.

Nataja pia A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, cha mwaka 2010, kwa sababu moja tu. Salva ni Mdinka aliyekimbia vita mwaka 1985 akiwa na miaka kumi na mmoja. Nya ni msichana Mnuer anayetembea kutafuta maji mwaka 2008. Mwishoni Salva, sasa mtu mzima, anachimba kisima kijijini kwa Nya, kwa watu ambao alifunzwa kuwaita maadui. Mwaka 2013 vita vilipozuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na Wadinka na Wanuer wakaanza kuuana, na wengine wao kukimbilia Kakuma ile ile moja, ukurasa ule wa mwisho ulipata uzito mpya. Nina wanafunzi wa pande zote mbili. Walikisoma kwa zamu. Hakuna aliyelia wala kukumbatiana na mwenzake. Mmoja alisema kisima kikiharibika watapigana tena, na mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana unahitaji fundi, si mchungaji.

Sasa nije kwa riwaya ambazo hazijaandikwa, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Mtu wa Handeni, Uziguani nchini Tanzania, mwenye umri mkubwa anaifahamu habari hii. Karne ya kumi na tisa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani ya Tanganyika wakauzwa Somalia. Waliotoroka mashambani walijificha katika misitu ya mto Juba, kusini mwa Somalia, wakalima, wakaunda vijiji vyao. Vizazi vikapita. Wasomali waliwadharau, wakawaita jareer, watu wa nywele ngumu. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, wenye bunduki walivamia maghala ya wakulima hawa, na wao hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwakinga. Wakakimbilia Dadaab, ambako waliwakuta watu wale wale waliowadharau. Wengine wakashuka na kuja Tanzania, wakawekwa kambi ya Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, wakapewa ardhi na hatimaye wengi wao wakapata uraia. Na kuna waliohamishiwa Kakuma mwaka 2002, kisha zaidi ya 12,000 wakapelekwa Marekani.

Hebu mfikirie msichana wa miaka kumi na minne anayefika Handeni kutoka bonde la Juba. Anasema Kisomali, kwa sababu ndiyo lugha ya huko. Anasema pia Kizigua cha bibi yake, kilichohifadhiwa zaidi ya miaka mia moja na watu waliokatazwa kukionea fahari. Anashuka kwenye lori na kumsikia muuza mihogo wa Handeni akimtukana punda kwa lugha ya bibi. Wenyeji watamwita ndugu au watamwita Msomali? Atavaa hijabu yake vile vile? Binamu yake aliyepelekwa Maine, Marekani, atakapompigia simu akimwambia huko theluji imefika magotini, na kwamba shuleni anawekwa kundi moja na Wasomali waliokuwa wakimwita jareer, nani kati yao aliyefika nyumbani? Hiyo ni riwaya ya vijana. Ina utumwa, ina vita, ina lugha, ina mahaba kama mwandishi atataka. Na ni yetu, hatuhitaji kuazima mahali pa kuiweka.

Ya pili ipo Kasulu, mkoani Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka ziwa Tanganyika. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka, Warundi wakamiminika humo. Watoto wa Kikongo husoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Watoto wa Kirundi husoma mtaala wa Burundi. Nia iliyotajwa ni kwamba waandaliwe kurudi makwao. Matokeo yake ni kwamba vijana wawili wanaokaa hatua chache, wanaochota maji bomba moja, wanaangalia mechi moja na kuimba nyimbo zile zile za Bongo Fleva, kila asubuhi hutengana njia panda na kwenda kusomea mtihani wa nchi ambayo mmoja wao hajawahi kuiona. Wapo Wakongo waliozaliwa Nyarugusu ambao sasa wana watoto wao. Mwandishi akisimama pale njia panda saa moja asubuhi na daftari, sura ya kwanza itajiandika.

Kuna mambo ambayo riwaya hizo zikiyakosa sitaziamini. Moja ni tarehe ya kuzaliwa. Karani anayeandikisha watu wasio na cheti huwapa 1 Januari, na matokeo yake rejista ya darasa langu ina vijana wengi waliozaliwa mwaka mpya, wengine ndugu wa tumbo moja wanaopishana mwaka mmoja kamili. Wanalichukulia jambo hilo kwa uzito wa aina yake. Msichana mmoja amejichagulia siku nyingine, ya mwezi Agosti, na ni marafiki zake wa karibu tu wanaoruhusiwa kuijua.

Lingine ni kijana kuwa mdomo wa wazazi. Mama hajui Kiswahili wala Kiingereza, kwa hiyo mwana wa miaka kumi na mitatu ndiye anayekaa katikati yake na daktari, na mwenye nyumba, na ofisa wa makaratasi. Anasikia ugonjwa wa mama ambao mtoto hakupaswa kuusikia. Anaamua nini akitafsiri na nini akimeze. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akikosa shule kila mwezi kwa kazi hiyo, na siku nilipomwita mama yake kuhusu utoro, aliyekuja kutafsiri ni yeye mwenyewe mtoro. Alitafsiri kila neno kwa haki, hata nilipomlaumu. Mamake alipomjibu kwa ukali, alinigeukia akaniambia kwa adabu, “Anasema umenikosea, mwalimu, na mimi nakubaliana naye.”

Na la tatu ni kwamba vijana hawa huoneana. Vitabu vya mashirika hupenda kuwachora wameshikana mikono, kila mmoja na vazi la kwao. Wakenya huwacheka wageni, hilo linajulikana. Lakini wageni nao wana ngazi zao: nani ana ndugu Ulaya anayetuma pesa, nani familia yake imeshahojiwa, nani ni wa ukoo mkubwa, nani weusi wake ni wa kudharauliwa. Riwaya inayowaheshimu vijana itawaacha wawe wachoyo, waongo na wenye wivu, kisha itawapa pia nafasi ya kufanya jambo jema bila kuambiwa. Heshima ni hiyo. Kumfanya mkimbizi asiwe na kosa ni njia nyingine ya kumnyima utu.

Kwa muda sasa tuna chama cha uandishi kinachokutana Ijumaa baada ya masomo, na tunaandika riwaya moja kwa pamoja. Kanuni niliyoiweka ni kwamba kila mhusika aseme Kiswahili alichokuja nacho. Wa Bukavu ameandika: “Mama alisema twende, njo tukaenda. Batoto bote balikuwa banalia, mimi sikulia.” Mkaguzi wa insha angezungushia wino mwekundu mstari mzima. Nimeuacha ulivyo. Mwenzake wa Eastleigh alicheka alipousoma mara ya kwanza, kisha akaomba mhusika wake amjibu huyo, na jibu lake ni sheng tupu. Wakazozana kama wahusika wao wataelewana. Wao wenyewe walikuwa wakizozana kwa ndimi hizo hizo mbili, na hakuna aliyekosa kumwelewa mwenzake.

Mzozo mkubwa zaidi ni wa mwisho wa hadithi. Wa Bukavu anataka msichana wao, mhusika mkuu, apate ndege ya kwenda Louisville, Kentucky, ambako anajua Wakongo ni wengi. Mnuer anasema hapana, kila hadithi ya mkimbizi huishia uwanja wa ndege na msomaji anafunga kitabu akiwa amefurahi, ilhali waliobaki bado wako foleni. Anataka msichana abaki Kakuma afungue duka. Msichana wa Agosti anasema wote wawili ni wavulana wanaojadili maisha ya msichana, na kwamba ataandika mwisho huo yeye.

Halafu mwezi uliopita alijiunga kijana kutoka Lodwar, Mturkana, kabila la wenyeji wa Kakuma, aliyehamia kwa shangazi yake Nairobi. Alizisoma sura tatu tulizonazo, akaweka karatasi mezani akauliza mbona katika kambi yote hiyo ya Kakuma hakuna Mturkana hata mmoja anayesema. Mama yake mdogo aliuza kuni kwa wakimbizi kwa miaka mingi, akibadilishana na unga wa mgao wakati wa ukame, na mama huyo aliufahamu mto Tarach unaopita Kakuma kabla ya hema la kwanza kufika. “Nyinyi mlitukuta,” alisema. Mnuer alitaka kubisha, akanyamaza. Tumepiga kura na sura ya nne imekuwa yake. Ameniambia itaanza na bei ya kuni, na kwamba msichana wetu wa Bukavu atakuwa anajaribu kumpunja.